Form ya Italia Inaanzia Kimilili

Siku hizi ukitajia msee Italia, anaruka na zile tao zenye zimejaa kwa TikTok: Roma, Venezia, Positano, Como. Sisemi ni mbaya. Roma ni Roma. Lakini nimekuwa nikicheki ramani ya Italia kwa simu usiku, keja imenyamaza, na kuna kitu moja imekataa kutoka kwa kichwa. Hio nchi imejaa vitao zenye watu wetu walishaacha jina, na hakuna mtu hutuambianga. So form yangu ni hii: sichagui tao juu ya picha. Nachagua juu ya kenye kinaiunganisha na huku kwetu chini ya Elgon. Mbio, mahindi, kahawa, boli. Hizo nne zinatosha kujaza trip mbili, na bado utabaki na mahali ya kurudi.

Na usidhani Italia inaanzia Ulaya. Ukidandia basi ya kwenda Nairobi, na dere aamue kupandia Mai Mahiu, kuna kakanisa ka mawe kando ya barabara, kadogo hadi ukisinzia unakapita. Kalijengwa 1942 na wafungwa wa vita Waitalia, wasee walishikwa na Waingereza wakaletwa Kenya kuchonga hio barabara ya escarpment. Mwaka uliofuata, January 1943, wengine watatu walihepa kambi ya Nanyuki: Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Hawakuwa wanahepa kwenda nyumbani. Walikuwa wanataka kupanda Mlima Kenya. Vifaa walijiundia wenyewe kambini, na picha ya mlima yenye waliibeba kama ramani ilikuwa imechorwa kwa kopo ya nyama. Balletto na Benuzzi walifika kilele cha Lenana wakadunga bendera, halafu wote watatu wakarudi kambini wakajisalimisha. Mimi hio stori inanishika vibaya. Msee amefungwa, anaona mlima kwa waya, anaamua lazima aende. Sasa wewe na passport na miguu mbili, ni nini inakushika?

Benuzzi alilelewa Trieste. Tutafika huko.

Tuanze na Rieti, juu hapo ndio roho yangu iko. Ni katao kadogo, iko kaskazini mashariki ya Roma, basi inakufikisha chini ya masaa mbili. Wenyewe husema ndio kitovu cha Italia, na iko chini ya mlima Terminillo, 2,217 m. Watalii wa Ulaya wengi hawaijui. Lakini mse wa Western ama Rift akiingia hapo, anafaa kuvua ngepa. Kuna uwanja unaitwa Raul Guidobaldi. September 1, 1996, Daniel Komen alikimbia mita 3,000 hapo na dakika 7:20.67. Hio rekodi ya dunia ilikaa karibu miaka 28. Wasee walizaliwa, wakaingia shule, wakamaliza, wakaoa, na bado rekodi iko tu. Ilikuja kuvunjwa August 2024 na Jakob Ingebrigtsen, kwa mbio ya kule Poland. Halafu kwa uwanja huo huo, August 29, 2010, David Rudisha akadunga mita 800 kwa 1:41.01. Wiki moja tu kabla, alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya Kipketer kule Berlin. Akaenda Rieti akaivunja tena. Miaka mbili baadaye akamaliza mchezo London, 1:40.91, lakini Rieti ndio ilimwonyesha bado kuna gia ingine.

Fikiria hapo. Tao ndogo hivyo, uwanja wa kawaida, hakuna mabango makubwa, na imebeba wakati mbili kubwa za Wakenya. Watu wa mbio husema ni juu tao imezungukwa na milima, upepo hausumbui jioni. Mimi nataka kusimama kwa mstari wa kumalizia nicheki tu ile kona ya mwisho. Kulipia ndege uende kuangalia kona ya uwanja, kuna watu wataona ni wazimu. Watu wanalipa kuangalia mnara umelala Pisa. Mimi nimechagua kona ya Komen.

Ukishaingia kwa hio rada ya mbio, Italia yote inabadilika. Firenze, wasee wanaenda kuona sanamu ya Daudi, na sawa, uone. Lakini June 2, 2023, ndani ya hio tao, Faith Kipyegon alikimbia mita 1,500 kwa 3:49.11, manzi wa kwanza duniani kushuka chini ya 3:50. Amejivunja mwenyewe mara mbili toka hapo, lakini ukuta ulianguka Firenze. Milano nayo, kwa Stramilano ya 1993, Moses Tanui alikuwa mtu wa kwanza kukimbia half marathon chini ya lisaa moja, 59:47. Miaka tano baadaye Paul Tergat akaenda hio mbio akashusha hadi 59:17. Wote wawili walikuwa chini ya daktari mmoja wa Brescia, Gabriele Rosa, mwenye alikuja akafungua kambi za mazoezi huku Rift. Yaani ile barabara ya kutoka Cherangani hadi kaskazini ya Italia imekuwa ikikanyagwa na viatu za wakimbiaji tangu tuko wadogo, sisi tuko hapa Kimilili tunadhani Italia ni ya Malindi peke yake.

Sasa dishi. Hapa nataka unisikize vizuri, juu ndio inaamua kama trip itakuwa tamu ama utarudi umekonda.

Italia tumezoea kuisikia kama pasta na pizza. Hio ni kusini zaidi, na Napoli wana haki yao kabisa. Lakini ukienda kaskazini, Bergamo, Brescia, Veneto, hadi Friuli, utapata watu wamekula unga wa mahindi karne kadhaa. Wanaita polenta. Maji inachemka kwa sufuria ya shaba, wanaweka chumvi, unga wa manjano unaingizwa pole pole kama mvua ya rasharasha huku mkono mwingine unakoroga, ndio isishike mabonge. Halafu unakoroga. Na unakoroga. Dakika 40, lisaa mzima, juu unga wao ni wa kukwaruza, haujasagwa laini kama wa kwetu. Ikiiva inamwagwa kwa ubao, inatandaa, na wazee walikuwa wanaikata na uzi. Mathe yeyote wa Kimilili akiona hio mkono inazungusha mwiko hatahitaji kutafsiriwa. Ataomba tu asukume kidogo, ikuwe ngumu.

Na hio mahindi si yao kwa asili, kama venye si yetu. Ilitoka Amerika, ikafika kwao karne ya 16. Huku, kabla mahindi iteke shamba, ugali yetu ilikuwa ya wimbi na mtama, na bado kukhu wengi hawataki kusikia ingine kwa sherehe ya maana. Leo Trans Nzoia ndio ghala ya nchi, Kenya Seed iko Kitale toka 1956, na ukiuliza mkulima yeyote kutoka Kiminini hadi Kamukuywa atakuambia habari ya mbegu ya 614 kama anakuambia ya mtoto wake. So msee wa huku akikaa kwa meza Bergamo, aletewe polenta na nyama ya mchuzi imepikwa masaa, hayuko ugenini. Kuna ingine wanaita taragna, unga umechanganywa na ile nafaka nyeusi ya buckwheat, halafu siagi na jibini inaingia ndani hadi inavutika. Hio ndio nataka kuanza nayo.

Lakini kuna kitu chungu hapo ndani, na naona lazima nikiweke. Karne ya 18 na 19, masikini wa Veneto na Lombardia walikula polenta bila kitu ingine, asubuhi, mchana, jioni, mwaka hadi mwaka. Wakashikwa na ugonjwa wa pellagra. Ngozi inababuka, tumbo inaharibika, akili inaruka, wengine wakafa. Shida ilikuwa vitamini ya B3, mwili hauipati kwa mahindi tupu. Kwetu kuna mboga, kuna maharagwe, kuna kuku, kuna omena, na siku gorogoro ya mahindi ikipanda bei ndio tunaonanga nyumba zenye zinabaki na ugali na chumvi. Nikila polenta Bergamo nitakuwa najua ilikuwa chakula ya nani.

Bergamo yenyewe ni kali. Tao iko mbili, ya chini na ya juu, na ya juu imezungushiwa ukuta wa mawe ulijengwa na Venezia, UNESCO waliuweka kwa listi 2017. Unapanda na kagari ka kamba. Na kama uko kwa boli, hio ni nyumba ya Atalanta, mwenye alichukua Europa League May 2024. Fainali Dublin, Leverkusen ilikuwa haijapoteza mechi msimu mzima, Ademola Lookman akawaweka tatu peke yake. Tao ya watu wa polenta, na mse wa Nigeria ndio aliwaletea kombe.

Ya boli Mkenya hawezi ruka ni Parma. McDonald Mariga alifika hapo 2007, akacheza hadi Inter wakamwona, January 2010 akahamia Milano, na hio msimu Inter ya Mourinho ikabeba mataji tatu. Ndio Mkenya wa kwanza kucheza Champions League. Nakumbuka venye jina yake ilikuwa inatajwa kwa vibanda za kuonyesha boli, watu wanapiga meza. Parma iko na uwanja wa Tardini karibu na katikati ya tao, unatembea na miguu. Ukimaliza unaenda kutafuta jibini ya Parmigiano, yenye haiuzwi kabla imekaa angalau miezi 12. Gari moshi ya kutoka Milano haikuli hata masaa mbili. Siku moja inatosha Parma, sitadanganya mtu.

Trieste sasa. Hii iko mwisho wa Italia, kona ya kaskazini mashariki, bahari mbele na Slovenia nyuma ya mgongo. Venye nimesema, Benuzzi alilelewa hapo, na hio peke yake ingetosha. Lakini sababu yangu ni kahawa. Trieste imekuwa bandari huru toka 1719, na ni moja ya milango kubwa ya kahawa kuingia Ulaya. Kampuni ya Illy ilizaliwa hapo 1933.

Huku kwetu kahawa ni kazi ya mgongo. Unajua venye inakuanga: cheri zikiiva nyekundu, familia yote inaingia shamba na ndoo. Unachuma yenye imeiva peke yake, juu ukichanganya na ya kijani fakitori watakurudishia upange upya hapo chini kwa gunia. Inapimwa, inamenywa, inaoshwa, inaanikwa kwa vitanda vya waya, inageuzwa na mikono jua ikiwa kali. Zile mbovu zinabaki mbuni. Halafu unangoja malipo. Unangoja. Na kwa hizo nyumba zote zenye zimechuma, kutoka Kimilili kupanda hadi Kapsokwony, asubuhi watu wanakunywa chai ya maziwa. Kuna watoto wa kahawa huku wamemaliza form four bila kuonja ile kitu iliwalipia fees.

Hio inaniuma. Ndio nataka kwenda Trieste nisimame kwa kaunta. Kule watu hukunywa kahawa wamesimama, juu ukikaa kwa meza bei inapanda, na kikombe kikiisha unasonga. Lugha ya hapo ni ya wenyewe: ukitaka espresso itisha nero, ukitaka yenye imewekwa maziwa kidogo itisha capo. Nitaitisha nero. Nataka kujua ile ladha wanalipia, ndio nikirudi niweze kubonga na kuka wangu kuhusu shamba yake ya kahawa kama mtu mwenye ameona mwisho wa barabara. Vijana wa huku wako na mashamba za wazee zenye zinang'olewa kahawa zipandwe miwa. Mtu mmoja akifika Trieste akarudi amechanuka, labda shamba moja itabaki.

Torino nitapitia tu. Shirika ya mapadre wa Consolata ilianzishwa hapo 1901, wakafika Kenya 1902, na mwanzilishi wao Giuseppe Allamano alitangazwa mtakatifu October 2024. Huku kwetu ni kanisa ya Friends na mapadre wa Mill Hill ndio walishika, so kwangu hio ni ya masaa chache. Msee wa Nyeri angeiweka namba moja, na angekuwa na haki.

Venezia naiacha kwa trip ya kwanza. Mwaka wa 2024 walianza kutoza mtalii wa siku moja yuro 5 ya kuingia siku zenye watu ni wengi, na hio imeniambia kila kitu kuhusu msongamano wa hapo.

Kuna mahali moja si ya raha lakini nitaenda. Castel Volturno, pwani karibu na Napoli. Waafrika wengi wanaishi hapo, wengi wanafanya wera ya shamba na mjengo. September 18, 2008, genge la Camorra lilimiminia risasi Waafrika sita wakafa. Karibu miezi mbili baadaye Miriam Makeba, miaka 76, akaenda kuimba hapo kwa tamasha ya kupinga hao majambazi. Akaimba, akatoka kwa jukwaa, akazimia, na usiku huo akaaga. Mama wa Afrika alifia Castel Volturno, na sijawahi ona hio tao kwa listi ya mtu yeyote. Nitaweka maua. Halafu Napoli, pizza, na nitakuwa nimeshukuru.

Ngori sasa ni chapaa na karatasi. Viza ya Schengen ni yuro 90 toka June 2024, kama thao 13 na kitu ya Kenya, na ukinyimwa hairudi. Unaomba Nairobi, unaenda mwenyewe kutoa alama za vidole, so weka nauli ya basi kwa hesabu. Insurance ya safari lazima ikuwe ya angalau yuro 30,000. Kitu yenye inaangusha wengi ni kuthibitisha utarudi. Kama uko na agrovet hapa tao, ama nduthi mbili, ama duka, wacha doh ipitie benki miezi kadhaa, shika leseni ya biashara, shika barua. Msee anaweza kuwa na ganji kweli lakini yote iko kwa mfuko na kwa ng'ombe, na mtu wa dirisha haoni ng'ombe. Maombi unaweza kutuma miezi sita kabla, na isipite siku 15 kabla ya safari. Usingoje. Na hii tao-kwa-tao form inakusaidia hapo pia: ukiandika unaenda Rieti kuona uwanja wa Komen na Rudisha, Bergamo siku tatu, Trieste siku mbili, na gari moshi za katikati umezipanga, hio ni safari ya mtu anajua anaenda wapi.

Wakati wangu ni May ama September. August usiguse. Jua ni kali, bei iko juu, na karibu na tarehe 15 Waitalia wenyewe wamefunga maduka wameenda bahari. Gari moshi za regionale ndio za bei ya chini, lakini ukikata tikiti ya karatasi igonge kwa ile mashine kabla upande, la sivyo wanakupiga faini hata kama umelipa.

Trip ya pili nimeshaiamua: Sicilia, Catania, chini ya Etna. Sisi tumezaliwa kando ya volkano yenye ilikufa kitambo. Elgon iko na 4,321 m kwa kilele ya Uganda, ukipanda na upande wetu unafika Koitobos, 4,222, na ile bakuli ya juu ni moja ya kubwa duniani. Tunalima kwa udongo wake, tunakunywa mito yake, ndovu zinaingia pango la Kitum usiku kulamba chumvi ya mawe, na haijawahi kutupigia hata kelele. Etna ni fupi kuliko Elgon, lakini iko hai. Inatema moto watu wakiwa kwa kahawa yao, jivu inaanguka kwa magari, na bado wamepanda zabibu na pistachio kwa mteremko, juu udongo ni ule ule wa volkano wenye unazaa. Nataka kumwona mkulima wa huko, nimwulize ananunuaje shamba kwa mlima yenye inaweza kurudi kuichukua.

Lakini hio ni baada ya Koitobos. Mbogi yangu bado haijawahi panda Elgon, na December tunaanzia hapo.